Nilivyomkata Kodi Mwenye Nyumba

Jumatatu, 9 Machi

Mke wangu amenipa daftari hili asubuhi. "Andika humu," kaniambia. "Wateja wanakuja kununua mkate, hawaji kusikiliza habari za nyumba." Basi naandika.

Habari yenyewe ni hii. Mwenye nyumba alipiga simu jana. Miaka kumi na minane tumekaa kwake na hatujawahi kumwona. Alihamia ng'ambo baada ya kufiwa na mumewe, na sisi tulikodi kupitia kwa dalali ambaye naye ni marehemu sasa. Tunamjua kwa sauti tu, sauti ya mtu aliyezoea kunyamazisha ukumbi mzima. Kwa hiyo hapa nyumbani tunamwita Mwalimu Mkuu, ingawa hajawahi kufundisha.

Alisema: "Nakuja kuuza nyumba. Nyinyi ndio wa kwanza kuulizwa. Mkishindwa, nitamuuzia mwingine." Akakata simu kabla sijamaliza shikamoo.

Nyumba ina vyumba vinne, baraza tuliloligeuza duka, chumba cha uani, na ua. Uani ndiko liliko tanuri langu la matofali, nililolijenga kwa mikono yangu mwaka wetu wa pili hapa. Fundi nguo akifukuzwa anabeba cherehani yake kichwani. Tanuri halibebeki. Tukitolewa hapa mimi si mwoka mikate tena, ni mtu mwenye magunia ya unga.

Mvua ya kwanza imenyesha saa nne.

Jumatano, 11 Machi

Mvua. Mikate mia mbili na arobaini, imekwisha yote. Sikumwambia mteja yeyote habari za nyumba, isipokuwa wawili.

Jumamosi, 14 Machi

Mke wangu ameniweka kitako na kunionyesha kitabu cha chama chetu cha akiba na mikopo. Nilijua tunaweka. Sikujua tumeweka kiasi hicho. Miaka kumi na mmoja amekuwa akipeleka kila Ijumaa, na chama kiko tayari kutukopesha kilichobaki.

"Mimi nilidhani ni akiba ya friji," nikasema.

"Friji tutanunua tukishakuwa na pa kuiweka."

Nimezunguka ua mara tatu kwenye manyunyu nikiligusa tanuri kama mtu anayesalimia ng'ombe wake.

Jumanne, 17 Machi

Amefika. Nilimtarajia mwanamke wa kimo cha mlango. Kwenye teksi ameshuka mama mdogo anayenifika kifuani, mwenye masanduku mawili makubwa kuliko yeye. Ana miaka sabini na mmoja na anatembea kama aliyechelewa mtihani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Paa linavuja upande wa kushoto. Umeliona?"

"Nimeliona, mama."

"Ukafanya nini?"

"Niliweka ndoo, hapa barazani."

Aliitazama ile ndoo, akanitazama mimi, akaingia ndani. Hoteli hataki, anasema ni kutupa pesa. Atalala chumba cha uani mpaka mauzo yaishe. Mke wangu amempa shuka zetu za wageni. Mimi nimeingia nyuma ya tanuri na kukaa huko muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Ijumaa, 20 Machi

Tumeelewana bei. Kusema kweli wao wawili ndio walioelewana. Mimi nilijifanya nakanda unga. Mwalimu Mkuu alitaja yake, mke wangu akataja yake, wakatazamana mpaka chai ikapoa. Kisha wakakutana katikati na kupeana mikono.

"Lakini nazitaka zote," akasema. "Siku moja, bila kupungua hata senti. Nina sababu zangu."

"Utazipata zote, mama," nikamjibu. Nilisema kwa moyo mweupe kabisa.

Jumanne, 24 Machi

Ningekaa kimya Ijumaa, leo ningelala vizuri.

Tumekwenda kwa mwanasheria, mimi na mke wangu, kuandikisha mkataba. Ni kijana mpole, ofisi yake iko juu ya duka la miwani, na meza yake ina karatasi nyingi hadi anatuchungulia kama mtu aliye nyuma ya ukuta.

"Muuzaji anaishi wapi?" akauliza.

"Chumba cha uani."

"Nauliza makazi yake. Mwaka mzima anaishi wapi?"

"Ng'ambo. Miaka ishirini na mitano sasa."

Akaweka kalamu chini. Mtu wa sheria akiweka kalamu chini, ujue kuna jambo.

"Basi kuna kodi ya zuio."

"Kodi tumelipa mpaka mwisho wa mwezi," nikasema. Mke wangu akanikanyaga mguu.

"Si kodi ya pango. Ni kodi ya serikali." Akatueleza polepole. Mtu anayeishi nje ya nchi akiuza nyumba, akachukua pesa zote na kupanda ndege, ofisi ya mapato itampata wapi? Kwa hiyo sheria inamgeukia mnunuzi, kwa kuwa yeye ndiye anayebaki. Azuie sehemu moja ya kumi ya bei, aipeleke ofisi ya mapato kwa jina la muuzaji ndani ya siku ishirini, na muuzaji apewe iliyobaki.

"Na nisipozuia?"

"Utadaiwa wewe, na faini juu. Na hati haitahamishwa kwenda kwenye jina lako bila karatasi ya ofisi ya mapato."

"Kwa hiyo nimkate kodi mwenye nyumba."

"Ndiyo."

"Mimi mpangaji wake."

"Wewe mnunuzi wake," akasema, akaokota kalamu.

Njiani nilikuwa natoka kijasho chembamba ingawa mvua ilikuwa inatunyeshea. Miaka kumi na minane namlipa kodi yule mama na sijachelewa hata siku moja, na leo naambiwa zamu ya kumkata kodi ni yangu. Nimemwambia mke wangu amwambie yeye. Kasema, "Aliyeahidi kwamba atazipata zote si mimi."

Jumatano, 25 Machi

Sikumwambia. Mvua.

Alhamisi, 26 Machi

Sikumwambia. Aliniuliza kwa nini mikate ya leo imeungua chini. Nikasema ni unyevu.

Ijumaa, 27 Machi

Unyevu tena. Sikumwambia.

Jumamosi, 28 Machi

Nimemwambia. Nilimkuta barazani akipanga foleni ya wateja, kazi ambayo hakuna aliyemwomba. Nikapiga moyo konde, nikamwita pembeni na kumwaga yote kwa pumzi moja.

Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali apaze.

"Sehemu ya kumi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ya pesa zangu. Unazichukua wewe."

"Sizichukui mimi, nazipeleka tu."

"Mwanangu, nimeishi miaka mingi. Kila aliyewahi kunipunguzia pesa alikuwa anazipeleka tu mahali." Akavua miwani. Macho yake bila miwani ni madogo na yamechoka. "Nilikuuliza wewe wa kwanza kwa sababu hujachelewesha kodi hata mara moja. Nilijiambia, yule ni mtu mnyoofu."

Akaingia chumbani kwake. Kodi ya serikali imeniharibia sifa niliyoijenga kwa kodi ya pango.

Jumatatu, 30 Machi

Leo kaja mwenye duka la vyuma wa mtaa wa pili, mtu wa tumbo na bashasha. Amepima ua kwa hatua zake. Anataka nyumba iwe ghala lake. Nilimsikia akimwambia mama kwamba yeye atalipa bei ileile, yote, mkononi, bila kumkata chochote. "Hayo makaratasi ni mambo madogo, mama. Tutayamaliza sisi kwa sisi."

Alipofika kwenye tanuri alilipiga teke kidogo, kama mtu anayejaribu gurudumu. "Hili litabomolewa," akasema.

Mke wangu alikuwa mlangoni na sinia la mikate. Sijamwona na uso ule tangu siku ya harusi yetu mjomba wake alipoanguka juu ya keki. "Kesho kutwa," akaniambia, "tunakwenda ofisi ya mapato kuuliza wenyewe. Kuuliza hakulipiwi kodi."

Jumatano, 1 Aprili

Ofisi ya mapato ina madirisha tisa na viti sita. Tulisimama saa mbili. Kwenye dirisha la tano alikaa dada mmoja mwembamba mwenye sweta ya kijivu, anayezungumza kama anayehesabu mayai. Nilimweleza shida yangu nikitegemea atanikemea. Hakunikemea. Alichukua karatasi akachora mistari miwili.

"Hii ni bei. Hii ni gharama aliyotumia kununua kiwanja na kujenga. Katikati ya hapa ni faida. Kodi yenyewe ni ya faida, baba, si ya bei. Sehemu ya kumi mnazuia kwa sababu hatujui faida ni kiasi gani. Ikizidi, anadai kurudishiwa, lakini hesabu mwaka mzima au zaidi."

"Na mkijua faida?" mke wangu akauliza.

"Ahaa." Yule dada akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Muuzaji akileta ombi kabla hamjalipana, akituonyesha gharama kwa ushahidi, tunaweza kutoa cheti. Cheti kinamwambia mnunuzi azuie pungufu ya sehemu ya kumi. Inachukua hadi siku thelathini."

Nikauliza kuhusu mtu anayelipa yote mkononi, nikisema ni rafiki yangu. Akanitazama. "Huyo rafiki yako atadaiwa yeye. Na mama muuzaji bado atakuwa na deni la kodi yake, na nyumba itabaki kwenye jina lake na madeni yake yote. Mnunuzi awe nani, sheria ni hiyo hiyo."

Nilirudi nikiruka madimbwi. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno moja: "Nipeleke."

Alhamisi, 2 Aprili

Nimempeleka. Nilimshikia mwavuli njia nzima na mimi nikalowa upande mmoja, kama mkate uliookwa nusu.

Alimhoji yule dada wa dirisha la tano kwa muda mrefu, na foleni ya nyuma yetu haikuthubutu kukohoa. Kifungu kipi? Nani anaweka sahihi? Na cheti kikikataliwa? Dada alijibu kila swali kwa sauti ileile ya kuhesabu mayai, na pale asipojua akasema hajui, akaenda kuuliza, akarudi na jibu.

Nje, mama akafungua mkoba, akatoa leso na kunipa nijifute.

"Yule msichana anajua kazi yake," akasema. Kisha, baada ya hatua kama kumi: "Na wewe hukunidanganya. Nilikukosea, baba."

Nikasema, "Angalia dimbwi, mama."

Jumatatu, 6 Aprili

Sasa ni ushahidi. Nyumba ina miaka thelathini. Nani ana risiti za miaka thelathini?

"Mimi," akasema mama, akishangaa kuulizwa. "Nilikuwa karani wa stoo. Mimi hutupa karatasi?" Alizifungia zote kwenye debe la biskuti na kuliweka darini kabla ya kusafiri. Wapangaji wote tuliomfuata tumelala chini ya debe hilo bila kujua.

Nilipanda darini. Debe lipo. Lipo upande wa kushoto.

Nililishusha likiwa zito kuliko inavyopaswa. Mfuniko ulikuwa umekula kutu, na ndani risiti zilikuwa zimelowa na kugandana, bonge moja kama unga ulioumuka. Muda wote huu maji yalikuwa yanapita humu kwanza kabla ya kufika kwenye ndoo yangu.

Mama alilishika lile bonge kwa mikono miwili. Hata habari ya ndoo hakuitaja. Ningetamani aitaje.

Jumanne, 7 Aprili

Naandika haya vidole vikiwa vinaniuma na roho ikiwa nyeupe.

Asubuhi nilitoa mikate ya mwisho saa mbili, nikaliacha tanuri lipoe. Kila mwoka mikate ana kipimo chake cha moto. Changu ni mkono: nikiuingiza na kuhesabu mpaka kumi bila kuutoa, huo ni moto wa mkate, nikifika ishirini, ni moto wa kukausha maganda ya mkate. Leo nilingoja mpaka nikafika hamsini. Nikaingiza kwanza kipande cha gazeti nilichokilowesha. Kikatoka kikavu, kinanyooka, hakijabadilika rangi.

"Mama," nikasema, "tuzioke."

Alinitazama kama mtu anayeamua kumkabidhi mgeni mtoto. "Haya," akasema.

Tulifanya kazi watatu. Mke wangu alizibandua moja moja kwa kisu chembamba cha kukatia unga, akishusha pumzi kila ikitoka nzima. Mimi nilizipanga kwenye masinia juu ya vitambaa vya magunia. Mama alikaa mdomoni mwa tanuri kwenye kigoda akihesabu dakika kwa saa yake. Zamani risiti ziliandikwa kwa mkono, kwa wino uliokandamizwa, na karatasi ilipokauka maandishi yalirudi kama mtu anayesogea karibu na dirisha.

Naye akaanza kusoma.

"Saruji, mifuko arobaini. Siku hii lori lilikwama pale kona. Mimi na mume wangu tulibeba mfuko mmoja mmoja mpaka jioni. Mabati, hamsini na mbili. Alitaka ya kijani, mimi nikataka ya kawaida. Misumari, kilo sita. Sita! Zilitosha nne. Mbili sikuziona mpaka leo." Akachukua nyingine. "Bawaba za mlango wa mbele. Hizi alinunua siku tuliyogombana. Alirudi na bawaba na maua. Risiti ya maua haimo, lakini maua yalikuwepo."

Sinia la nne ndilo lililotaka kututoa roho. Mteja aliniita dukani kuhusu mikate ya kesho, nikakawia. Nilisikia harufu kabla sijasikia kelele za mke wangu. Nilipofika uani, mama alikuwa ameshaingiza mkono tanurini na kulivuta sinia lote kwa kitambaa cha kichwa chake. Risiti tatu zilikuwa za kahawia pembeni, zimejikunja.

Alizinyanyua moja moja kwenye mwanga.

"Zinasomeka," akasema mwisho. Akaipeleka moja puani, akainusa. "Zimeiva tu."

Mke wangu aliangua kicheko, mimi nikafuata, na yule mama ambaye kwa miaka kumi na minane tulimwogopa hata kwenye simu alicheka mpaka miwani ikamdondoka mapajani. Risiti mia moja na kumi na saba. Zimepotea tisa tu.

Alhamisi, 9 Aprili

Hakuna risiti za malipo ya mwashi, na ndiyo gharama kubwa kuliko zote. Mama akasema: yuko wapi? Mke wangu aliuliza dukani, na kabla ya saa tano mwashi alikuwa ameshapatikana, mzee wa miaka themanini, anaishi kwa binti yake mitaa mitatu kutoka hapa.

Alikuja na fimbo na daftari. Ndiyo, naye alitunza daftari. Kila siku aliyolipwa imo humo, kwa penseli. Aliizunguka nyumba akizigonga kuta kwa fimbo na kuzisikiliza.

"Dirisha hili mlinibadilishia mara tatu," akamwambia mama.

"Mara mbili."

"Tatu. Ya tatu ulikuja peke yako, mzee wako hayupo."

"Haya, tatu. Na misumari kilo mbili ilikwenda wapi?"

Mzee alisimama. "Nilijengea banda la kuku," akasema polepole.

"Nilijua."

"Na hukusema?"

"Nilikuwa nakula mayai yako, fundi."

Walicheka kama watu waliosoma darasa moja. Kisha mzee akamuuliza, kwa uhuru wa umri wake, kama bado yuko peke yake.

"Naolewa tarehe thelathini Mei," akajibu, kama anayetaja bei ya sukari.

Mke wangu aliangusha sinia, na mikate ikabiringika mpaka chini ya kabati.

Basi ndipo tukaambiwa sababu zake. Bwana harusi ni mgane, fundi saa, ana miaka sabini na mitatu na anaimba vibaya. Wamepata nyumba ndogo yenye bustani, vyumba viwili. Wamekubaliana nusu kwa nusu. Nusu yake ameshaiweka. Nusu ya mama ndiyo hii nyumba yetu, na inatosha kamili, bila hata senti ya ziada.

"Si angekuongezea kidogo?" mke wangu akauliza. "Ni mumeo."

"Angeniongezea yote. Lakini miaka ishirini na mitano huko nimekuwa mpangaji, binti yangu. Kila ukuta nimeombea ruhusa. Safari hii siingii kama mgeni."

Nilienda kuokota mikate chini ya kabati ili wasinione usoni. Miaka yote hii nilikuwa nawaza mwenye nyumba wangu amekaa huko kwenye jumba, anahesabu. Kumbe na yeye kila mwezi alikuwa anakimbizana na kodi kama mimi.

Jumanne, 14 Aprili

Mzee mwashi ameapa mbele ya mwanasheria, daftari lake limenakiliwa, na ombi limepokelewa dirisha la tano. Dada aliinua risiti moja ya kahawia. "Hii imepatwa na nini?"

"Iliokwa," mama akajibu, bila kutabasamu.

Siku thelathini zinaisha 14 Mei. Ndege yake ni 16 Mei.

Jumatatu, 20 Aprili

Nimeziba paa. Mama alisimama chini akinielekeza. Lina mabati ya kawaida, si ya kijani.

Jumatano, 22 Aprili

Hakuna jibu. Mvua.

Jumamosi, 25 Aprili

Hakuna jibu. Mama sasa ndiye anayeuza dukani asubuhi. Foleni imenyooka, hakuna anayekopa, na mauzo yamepanda. Mwenye duka la vyuma alirudi na bashasha yake. Mama akamuuliza, "Ile kodi utaipeleka wewe ofisi ya mapato?" Akasema ni mambo madogo. "Basi na nyumba yangu ni kubwa mno kwako," akamwambia, akamuuzia mkate mmoja na kumwonyesha njia.

Jumatatu, 4 Mei

Hakuna jibu. Mvua kubwa. Mke wangu anamshonea gauni. Mimi nimeambiwa sitakiwi kuliona, kana kwamba anayemwoa ni mimi.

Ijumaa, 8 Mei

Hakuna jibu. Paa halivuji.

Jumanne, 12 Mei

Nimekwenda dirisha la tano mwenyewe. Dada hayupo. Amekaa kijana mmoja ambaye alilitafuta jalada letu kwa robo saa, akarudi mikono mitupu na kusema labda liko juu. Nikauliza juu wapi. Akaonyesha dari.

Mama alipokea habari hizo akiwa anakunja nguo. "Kisipotoka," akasema, "kata sehemu yao ya kumi, uipeleke. Sitakutia matatani. Nitamwambia fundi saa tungoje mwaka." Aliikunja blauzi ileile mara nne.

Jumatano, 13 Mei

Saa tisa mchana simu imelia. Sauti ya kuhesabu mayai. Jalada lilikuwa juu kweli, mezani kwa mkubwa wake. Yeye mwenyewe alikuwa amelifuata huko jana, ndiyo maana dirishani hakuonekana. Cheti kimesainiwa. Badala ya sehemu moja ya kumi, tuzuie sehemu moja ya hamsini.

Mama aliniomba nirudie. Nikarudia. Akakaa kwenye kigoda, akapiga hesabu kwa kidole kwenye unga uliobaki mezani. "Pungufu hii naiweza," akasema. "Nina akiba ya tiketi na ya mazishi. Mazishi yatangoja."

Mke wangu alimbeba juu. Mtu mzima, mfanya hesabu, akabebwa uani kwenye mvua, na hakupinga.

Ijumaa, 15 Mei

Tumetia sahihi. Sahihi yangu ilitoka imepinda, mwanasheria akasema inafaa. Pesa za mama zimeingia benki kwake. Siku ishirini sikuzingoja: nilitoka pale moja kwa moja mpaka ofisi ya mapato nikalipa ile sehemu ya hamsini kwa jina lake, nikarudi na risiti. Aliisoma mara mbili, mbele na nyuma.

"Miaka yote hiyo wewe ndiye uliyekuwa unanisubiri mimi nikupe risiti," akasema. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaushika kwa muda.

Jumamosi, 16 Mei

Ameondoka na masanduku mawili, gauni, na mikate sita. Mzee mwashi alikuja kumuaga, na mayai.

Jumapili, 31 Mei

Picha imefika kwenye simu ya mke wangu. Fundi saa ni mrefu kama nguzo. Mama anamfika kiunoni na ndiye anayeonekana amemshikilia asianguke. Nyuma yao mlango, na mlango umefunguliwa.

Jumatatu, 1 Juni

Hakuna mvua tangu Alhamisi.

Leo nimeoka, nimenawa, nimevaa shati safi, nikaenda kwa wakala wa simu kutuma pesa kama nifanyavyo kila tarehe moja. Nilikuwa nimeshataja namba yake na kiasi, wakala ameshauliza, "Kodi ya mwezi huu?", nami nimeshajibu ndiyo. Kisha nikasimama pale dirishani mdomo wazi. Sina mwenye nyumba. Nimekuwa naye miaka kumi na minane na sasa sina.

Wakala akauliza kama niko mzima. Nikamwambia niko mzima sana, na atume hivyo hivyo. Nikamwandikia mama ujumbe: *Hii si kodi. Ni zawadi ya harusi kutoka kwa majirani zako wa zamani.*

Jibu limekuja saa sita: *Nimepokea. Asanteni. Mume wangu anauliza, sehemu ya kumi mmeshazuia?*

Nimemsomea mke wangu. Amecheka mpaka akakalia gunia la unga, na mchana kutwa ametembea na sketi nyeupe nyuma bila mtu yeyote kumwambia.